Yai Linapopasuka, Ndugu Zake Husikia

Picha ya namna hii haikosi kupita kwenye makundi ya WhatsApp ya familia: pindo la pazia, au upande wa chini wa jani la nyanya, au ukuta ulio chini ya taa ya baraza, na juu yake vitu vidogo vyeupe vilivyobanana safu kwa safu. Chini ya picha kuna swali: “Jamani, haya ni mayai ya nini?” Majibu yanakuja mbio. Binamu anasema mende. Mjomba anasema kunguni, toeni godoro juani. Shangazi hana haja ya jina, anaagiza maji ya moto. Kesho yake inatumwa picha ya pili, na hii ndiyo inayowanyima watu usingizi: mayai yote yamepasuka, na vidudu vyekundu vyenye weusi vimejikusanya pale pale juu ya maganda, vimetulia, havili wala havikimbii.

Mjomba hakukosea sana. Mdudu huyu kweli ana undugu na kunguni wa kitandani, ila ni undugu wa mbali. Ni yule wa kijani au wa kahawia, mpana wa mabega, mwenye mgongo wa umbo la ngao, ambaye ukimgusa anakuachia harufu mkononi isiyotoka kwa kunawa mara moja. Wataalamu wamemweka pamoja na maelfu ya jamaa zake katika familia ya Pentatomidae. Wengi wao huishi kwa kufyonza mimea: maharage, kunde, nyanya, pamba, matunda. Hawafuati damu ya mtu, hawamwambukizi mtu ugonjwa, na hawana shughuli na godoro lako. Wanachofuata nyumbani usiku ni taa. Yule wa kijani anayepatikana sana kwetu, kwa jina la kitaalamu Nezara viridula, huvutwa na mwanga, na jike aliyejaa mayai akitua kwenye pazia, au kwenye nguo iliyosahauliwa kambani, anaweza kuyaacha hapo hapo. Kwa njia, wataalamu wengi wanaamini chimbuko la mdudu huyu ni Afrika, upande wetu huu wa mashariki, ingawa leo ameenea karibu kila nchi yenye joto.

Harufu yake nayo ina kisa. Moja ya kemikali zinazoitengeneza imo pia katika majani ya dhania, kwa hiyo wale wanaosusa kachumbari wakidai dhania inanuka mdudu hawasingizii. Huko Bikita, Zimbabwe, na katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, kuna jamaa yake ambaye watu huenda msituni kumkusanya, wakamtoa uvundo kwa maji ya moto, wakamla. Lakini turudi kwenye pazia.

Chukua simu, sogea karibu, kuza picha. Au azima ile lenzi ya jichoni ya fundi saa. Utakachokiona ni vipipa. Kila yai limesimama wima, limegandishwa kwa chini, urefu wake umezidi milimita moja kidogo tu, na juu lina kifuniko cha mviringo. Kuzunguka ukingo wa kifuniko kuna vinundu vidogo mno vyeupe. Kwa Nezara hufika kama 30. Yai likiwa bichi huwa la rangi ya maziwa yaliyoganda au manjano hafifu. Siku zinavyokwenda linaiva, linageuka waridi au chungwa. Kwenye joto letu, siku tano hivi zinatosha. Kwenye baridi huchukua wiki mbili au tatu. Ukilikuta siku ya mwisho, tazama kifuniko kwa makini: utaona nukta mbili nyekundu, na kati yake alama nyeusi ya pembetatu. Zile nukta ni macho ya mtoto aliyemo ndani. Ile pembetatu ni kifaa chake cha kupasulia yai, kitu kigumu anachokivaa kichwani mara moja tu maishani, akishatoka anakiacha kwenye ganda. Ndiyo maana hata ganda tupu linaweza kukwambia lilikuwa la nani: kifuniko kimeinuka vizuri kwa upande, na pale kwenye ukingo kimebaki kijipembe cheusi.

Hesabu pia husaidia. Nezara hutaga kuanzia mayai 30 hadi 130 kwa mkupuo mmoja, yamebanana kiasi kwamba mengi yamezungukwa na mengine sita. Antestia, yule mdudu mwenye madoa anayewasumbua wakulima wa kahawa kuanzia Kilimanjaro hadi Rwanda na Burundi, hutaga machache, kama 12 hivi. Yule wa kahawia wa Asia, Halyomorpha halys, ambaye habari zake zinakuja, hutaga 28, na mara nyingi ni 28 kamili. Si kwamba anajua kuhesabu. Ndani ya jike mna mirija 14 ya kukuzia mayai, saba kila upande, na kila mrija ukitoa mawili unapata 28.

Mayai ya wengine hayafanani na haya ukishatulia kuyatazama. Ya kipepeo mara nyingi yana mistari iliyochongwa kutoka juu hadi chini, na hayana kifuniko. Ya kiwavijeshi, anayetutafunia mahindi, mara nyingi yamefunikwa na manyoya ya mama yake. Mende haachi mayai wazi, anayafunga katika kifuko cha kahawia. Ya wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari, ni ya njano iliyokolea, marefu, yamechongoka juu. Hayo yaache, ni ya rafiki. Na ya kunguni wa kitandani? Nayo yana kifuniko, hapo lazima niwe mkweli, lakini ni membamba, meupe, yamelala yamepinda kidogo, na yamefichwa kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Hutayakuta yamesimama wima kwa safu, mchana kweupe, katikati ya pazia.

Sasa tuje kwenye lile linaloshangaza kila mtu katika picha ya pili: mbona yameanguliwa yote kwa pamoja? Kuku akiatamia mayai kumi, vifaranga hutoka leo na kesho. Huyu mdudu hana anayemwatamia. Mama alishaondoka. Hata hivyo, ndugu zaidi ya ishirini hutoka ndani ya dakika chache.

Zamani jibu lililotosheleza lilikuwa kwamba yametagwa siku moja, basi yataiva siku moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, hawakuridhika nalo. Jun Endo, Hideharu Numata na wenzao walimchukua yule wa kahawia wa Asia, ambaye kwao Japani ni mwenyeji, wakaanza kuyatenganisha mayai. Yakiwa yameshikamana, yanaanguliwa kwa mkupuo. Yakitenganishwa, kila moja linafuata saa yake. Kumbe kuiva kwa siku moja hakutoshi. Lazima kuna habari inayopita kutoka yai moja kwenda jingine. Walipotega vifaa vyao vya kunasa mitikisiko midogo, waliipata habari yenyewe: yai linapopasuka hutoa mshtuko mmoja mfupi, ambao husafiri kupitia maganda yaliyogusana. Kisha wakafanya jambo lililoimaliza hoja. Waliurudia mshtuko ule kwa mashine, wakayatikisa mayai yaliyokuwa tayari kuanguliwa, wala hapakuwa na ndugu aliyepasua yai lake. Watoto wakaanza kutoka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Current Biology.

Ina maana yule wa kwanza, kwa kulipasua yai lake tu, bila kukusudia, anawaamsha wote. Walio jirani wanausikia mtikisiko, wanapasua ya kwao, na kila atakayepasua anaipeleka habari mbele zaidi.

Na haraka hiyo ya nini? Jibu halipendezi. Anayetoka kwanza ana njaa, na kitu laini kilicho karibu naye ni yai la ndugu yake ambalo halijafunguka. Atalitoboa na kulifyonza. Endo na Numata wameeleza kwamba kutoka kwa pamoja kunaweza kuwa njia ya kujinusuru na ndugu: ukichelewa, unaliwa. Mshtuko ule unaokwenda kutoka ganda hadi ganda, ambao mtu anaweza kuuona ni wito wa upendo, kwa anayeusikia ni onyo. Binafsi napenda zaidi sayansi inayokataa kupamba mambo.

Wapo jamaa zao ambao mama hakuondoka. Parastrachia japonensis, mdudu mwekundu wa Japani, hukumbatia mayai yake hadi mwisho, na siku ikifika mama mwenyewe huyatikisa ili watoto watoke. Wala mitikisiko haiishii utotoni. Nezara wakubwa hutafutana kwa kutetemesha tumbo juu ya mmea. Shina na majani husafirisha wimbo huo, na dume anaweza kumfuata jike kutoka tawi hadi tawi. Andrej Čokl na wenzake wa Ljubljana, Slovenia, wamezichunguza nyimbo hizo kwa miaka mingi. Sisi hatusikii kitu, kwa sababu hazipiti hewani.

Turudi kwa vile vidudu vilivyotulia juu ya maganda. Watu wengi hudhani vimezubaa, au vimekufa. Vinafanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yao. Mama anapotaga, hupaka juu ya mayai ute wenye bakteria kutoka tumboni mwake. Watoto huzaliwa bila bakteria hao, na kwa siku zao za kwanza hawagusi mmea. Wanakaa juu ya maganda wakifyonza kile mama alichowaachia. Bakteria wakishaingia, hujenga makazi katika sehemu ya nyuma ya utumbo na hapo husaidia lishe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha umuhimu wa jambo hilo kwa njia rahisi: walisafisha mayai ya yule wa kahawia wa Asia juu tu, bila kuyadhuru ndani. Watoto walitoka kama kawaida, lakini wengi hawakufika mbali, na waliobaki walikua taratibu na kuzaa kidogo.

Kwa mwenye nyumba, hapa ndipo pa kupumua. Kundi lililoanguliwa juu ya pazia au ukuta likishamaliza siku zake za kwanza linahitaji mmea wa kufyonza, na sebuleni hakuna. Wengi watakufa kwa njaa na kukauka, hata usipofanya lolote. Kundi lililoanguliwa chini ya jani la maharage ni jambo jingine. Pale baada ya kujivua ngozi mara ya kwanza wanageuka weusi wenye madoa, wanaanza kufyonza, na watajivua mara tano kwa jumla kabla ya kupata mabawa. Kila hatua ina mavazi yake, ndiyo maana mkulima anaweza kuwaona watoto weusi, watoto wa kijani wenye vidoti vyekundu, na wakubwa wa kijani kitupu, akaamini amevamiwa na wadudu wa aina tatu.

Kabla hujalichuma jani, litazame tena. Mayai yakiwa meusi yote, au kijivu cha risasi, mara nyingi mwenye nayo si mdudu tena. Kuna nyigu wadogo mno, weusi, wengine hawafiki milimita mbili, wa kundi la Trissolcus, ambao hutaga ndani ya mayai ya wadudu hawa, yai moja kwa kila pipa. Mtoto wa nyigu hula kilichomo ndani na hutoka akiwa mzima na mabawa yake. Jike wa nyigu akishamaliza kutaga kwenye yai moja hulikwaruza juu, alama ya kwamba nyumba hii ina mtu, asije akarudi akataga mara mbili. Tena anajua kutafuta: Trissolcus basalis hunusa nyayo alizoziacha mdudu akitembea juu ya jani, na hutofautisha za jike na za dume, kwa sababu za jike ndizo zitakazomfikisha kwenye mayai. Ganda alilotoka nyigu nalo hujitambulisha. Mdudu huinua kifuniko kizima kwa unadhifu. Nyigu hutafuna tundu, na kingo zake zimekwaruzika.

Sifa za nyigu huyu si porojo. Australia ilimchukua kutoka Misri mwaka 1933 ili apambane na Nezara waliokuwa wakiharibu mazao yao. Na ndugu yake, Trissolcus japonicus, alimfuata adui yake ng’ambo bila kuitwa. Halyomorpha halys aliingia Marekani katikati ya miaka ya 1990, huenda ndani ya mizigo kutoka Asia, akaonekana kwanza Allentown, Pennsylvania. Mwaka 2010 aliharibu matufaa yenye thamani ya dola milioni 37 katika majimbo ya pwani ya kati ya mashariki. Wenzetu wanaoishi huko wanamfahamu kwa jambo jingine: msimu wa baridi ukikaribia anaingia majumbani kwa makundi kujificha. Mtafiti mmoja wa Maryland aliwahesabu waliokuwa nyumbani kwake kuanzia Januari hadi Juni 2011, akapata 26,205. Kwao, hata hivyo, hao ni wazima waliokuja kulala, hawatagi katika usingizi huo. Mayai yatasubiri majani ya masika. Kisha mwaka 2014, huko huko Maryland, watafiti waliokuwa wakichunguza mayai walimkuta Trissolcus japonicus yumo ndani tayari, wakati serikali ikiendelea kumfanyia majaribio karantini kabla ya kumruhusu.

Kwa hiyo maji ya moto ya shangazi yangoje kidogo. Mayai yaliyo kwenye pazia au ukuta yakwangue kwa kadi ngumu yaanguke ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Dawa ya kupuliza ndani ya nyumba, penye watoto na sufuria, ni kujiumiza bure. Vidudu vilivyokwisha kutoka vifagie taratibu kwenye kopo lile lile. Usivibonyeze pazia likiwa la harusi, harufu itabaki. Taa ya baraza ikizimwa mapema, au ikibadilishwa iwe ya mwanga wa njano, wageni watapungua.

Bustanini, mayai meupe au ya waridi chuma na jani lake, yatie kwenye maji ya sabuni. Meusi yaache. Usipokuwa na uhakika, weka kipande cha jani kwenye chupa ya kioo, funga mdomo kwa kitambaa chepesi kilichokazwa vizuri, iweke kivulini. Wakitoka vidudu, sabuni. Wakitoka nyigu, fungua kitambaa jioni kwenye shamba la maharage. Wapulizaji wa dawa wa kila wiki hawafiki hatua hii, kwa sababu dawa nyingi humuua nyigu mapema kuliko zinavyomuua mdudu aliyejificha chini ya jani.

Kwa wapandaji wa sukuma wiki na kabichi, habari ni tofauti kidogo, na wengi hupoteza muda wakigeuza majani bure. Mdudu wao ni Bagrada hilaris, mdogo, mweusi mwenye madoa ya chungwa na meupe, ambaye huonekana wawili wawili wakiwa wamegeuziana mgongo. Huyu kaikataa desturi ya ukoo. Hataki vipipa kwa safu juu ya jani. Hushuka chini, hutaga yai moja moja kwenye udongo, akalifukia. Dalili yake hutaiona kwenye yai, utaiona kwenye mche: mabaka meupe, kisha kunyauka. Dawa yake ni jembe la mkono. Palilia kwa juu juu kuzunguka miche, nyunyiza maji kutoka juu mara kwa mara, na mabaki ya mavuno yaliyopita yatoe shambani kabla hujapanda. Hata yeye ana nyigu wake, Gryon aetherium, ambaye hutembea juu ya udongo na kuyafukua mayai hayo moja moja.